Shahidi wa Kifo Chake Mwenyewe

Sehemu ya Kumi na Moja

"Alikufa."

Ndilo jibu ulilolisubiri wiki nzima, msomaji wangu, na najua si hilo ulilolitaka. Hata mimi sikulitaka. Lakini ndilo lililomtoka yule mama, na neno likishatoka halirudi mdomoni.

Kijana alikuwa bado amesimama mlangoni, fimbo mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili, vumbi la Basotu limempanda hadi magotini. Alikuwa ameuliza jambo moja: "Kwa Genoveva, binti wa marehemu mzee Agustino, ni hapa?" Kisha akaongeza ambalo hakuulizwa: "Naitwa Emanuel. Mimi ni mtoto wake."

Na Genoveva ndiye huyo huyo aliyemjibu. Pale Tumati watu wote wanamwita Mama Doris, kwa jina la binti yake aliyeko shule ya bweni. Jina lake la ubatizo hulisikia kwa mtu mmoja tu, mume wake. Huyo mume, Pascal, katekista wa kigango, alikuwa amekaa pale pale, kikombe cha chai kimeganda kati ya meza na mdomo. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na leo anamsikia mkewe anajitangazia msiba.

Pascal alikiweka kikombe chini, taratibu.

"Alikufa lini?" Emanuel aliuliza.

"Zamani. Wewe ulikuwa mdogo sana."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

Kijana akaiegemeza fimbo ukutani, akainamisha kichwa. "Basi sikukusalimu vizuri. Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba."

Hebu niambie, wewe unayesoma, umewahi kuona mtu akishushwa cheo namna hiyo? Dakika hii mama, dakika ya pili mama mdogo, na aliyemshusha ni ulimi wake mwenyewe.

"Kaburi lake liko wapi?"

Hilo Genoveva hakulitegemea. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la mama mkwe wake, lenye msalaba wa saruji na jina limeandikwa. Lisingemfaa.

"Hakuzikwa hapa," alisema. "Alizikwa mbali. Karatu."

Emanuel alikitazama kile kibuyu. "Mama Udagwenga, huyu aliyenilea, aliniambia hivi: ukimkuta hai, mpe maziwa haya anywe. Ukikuta amekufa, yamwage kaburini, usirudi nayo." Alifikiri kidogo. "Karatu sitafika. Kunywa wewe, mama mdogo. Wewe ni damu yake."

Genoveva akapokea kwa mikono miwili. Yalikuwa maziwa ya mgando, ya kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, makali ulimini. Hakuwa ameyaonja kwa miaka ishirini na tano. Ndiyo yaliyokuwa chakula chake wakati ananyonyesha mtoto, mtoto huyu huyu aliyesimama mbele yake sasa na ndevu kidevuni. Aliyanywa yote, maziwa ya kumwagwa kaburini kwake, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akasema ahsante.

"Ulikuwa unamtafutia nini?" Aliyeuliza ni Pascal. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Karatasi, baba. Nimechaguliwa kwenda kujitolea nje ya nchi. Ghana, miaka miwili. Kuna wakulima na wafugaji huko wanachinjana kwa ajili ya malisho na maji. Shirika linapeleka vijana wa nchi mbalimbali waliowahi kuishi na ugomvi wa namna hiyo. Kuna dada wa Kolombia, kuna jamaa wa Ufilipino. Tanzania ni mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Mwaka juzi ng'ombe wetu waliingia kwenye maharage ya watu wa Mogitu. Mapanga yakatoka, mikuki ikatoka. Mimi nikakaa katikati." Alicheka kidogo. "Nilikaa chini kabisa, baba, kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka. Wakashindwa kunipita. Tukaongea mpaka jioni. Leo tuna kamati ya pande zote mbili, na birika la kunyweshea mifugo tulilojenga pamoja na wenzetu wa kujitolea kutoka nje. Basi hao wakanipendekeza."

"Na karatasi?"

"Watu wa pasipoti wanataka cheti cha mama aliyenizaa, au mwenyewe aje aweke sahihi pale ofisini kwetu Katesh. Mwisho ni keshokutwa, Ijumaa, saa sita mchana. Ikipita, nafasi anapewa wa akiba." Akachukua fimbo yake. "Sasa mama amekufa. Nashukuru hata hivyo. Nimempata mama mdogo."

Akaaga, akaondoka. Genoveva alisimama mlangoni akimtazama anavyoshuka njia ya mahindi. Kijana alikuwa anautupa mguu wa kushoto nje kidogo kila hatua. Ndivyo alivyotembea mzee Agustino, babu yake, na mzee Agustino ndiye aliyesema mtoto huyu asizaliwe hapa. Genoveva alitaka kumwita. Hakumwita.

*

"Mama Doris," Pascal aliita kutoka ndani.

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

"Mbona leo unaniita hivyo?"

"Nikuite nani? Genoveva umeshamzika Karatu."

Akakaa chini. Wala hakuwa na pa kukimbilia. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi, ila ya huyu mama ilikuwa imenyooka miaka ishirini na tano, na sasa ilikuwa imefika ukutani.

Alimweleza. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuja fundi kujenga madarasa, akaondoka kabla bati halijapanda, akamwachia mimba.

Kwa ambao hamjui mila za huku, ngoja niseme upesi, maana najua mnataka twende mbele. Kwa Wairaqw wa zamani, mtoto wa msichana asiyeolewa hakuzaliwa kwenye ardhi ya watu wake. Walisema mvua itakatika na ng'ombe watatupa mimba. Msichana alipelekwa ng'ambo ya mpaka, kwa Wabarbaig, ambao hawakuwa na mwiko huo na mtoto kwao ni mtoto. Akijifungua, yeye alirudi. Mtoto alibaki. Mila hiyo ilikuwa inakufa tayari siku za Genoveva, wengi walishaiacha, lakini mzee Agustino hakuwa mtu wa kuacha kitu.

"Alinipeleka asubuhi, kwa miguu," Genoveva alisema. "Hakunisemesha njia nzima. Kule Basotu alinipokea Mama Udagwenga. Ndiye aliyenizalisha."

"Ulimnyonyesha?"

"Miezi saba."

"Ukamwacha."

"Nilifuatwa, Pascal. Kaka zangu walikuja na kondoo wa kunitakasa. Nilichukuliwa."

"Ukamwacha," Pascal alirudia. "Na ukaja kanisani ukasimama na mimi, na hukusema."

"Ningesema ungenioa?"

Pascal alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo alilitafuta jibu la kweli, na hakulipata.

"Unajua nimeomba nini miaka yote hii?" alisema mwishowe. "Tumezika watoto wawili wa kiume, wewe na mimi. Kila Jumapili nimepiga magoti nikimwomba Mungu anipe mmoja tu. Na wewe uko pembeni yangu, umepiga magoti, unaitikia amina. Na ulikuwa naye Basotu."

Hapo ndipo Genoveva alipolia. Hakulia kwa kusutwa. Alilia kwa sababu ni kweli, aliitikia amina, na kila alipoitikia alikuwa anamwombea mwingine.

Pascal akatoka nje kwa ng'ombe wake, wala siku hiyo hakuongea naye tena.

*

Alhamisi asubuhi kiti cha Pascal kilikuwa kitupu. Chai ilipoa. Jirani mmoja akapita akasema, "Mama Doris, baba watoto anakwenda wapi? Nimemwona anapanda gari la Mbulu mjini, amepiga koti la Jumapili."

Mbulu mjini na koti la Jumapili. Genoveva hakuhitaji kupiga ramli. Amekwenda kwa wakubwa wa kanisa kuuliza ndoa iliyofungwa kwa kufichana inavunjwaje. Ni mume wangu namjua, alijiambia, ni mtu wa utaratibu.

Simu aliyopiga haikupokelewa. Jioni Pascal hakurudi.

Basi Ijumaa Genoveva akafunga mlango, akampa jirani ufunguo na kazi ya kukamua. Alikuwa ameshajipigia hesabu yake: ndoa imeshakwenda. Alichokuwa anakificha hakipo tena. Kilichobaki ni safari ya mtoto, na hiyo hakuna mwenye kuiokoa ila yeye. Atafika Katesh, atasimama mbele ya hao watu wa kujitolea, atasema: mimi ndiye Genoveva, niko hai, nilidanganya kwa kuogopa, nipeni kalamu. Emanuel akimtemea mate, na amtemee. Ila aende Ghana.

Alirudia maneno hayo njia nzima kimoyomoyo. Hata bahari ya ngano pale karibu na Basotu aliipita bila kuiona.

*

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja pembeni ya duka la kupiga fotokopi, Mlima Hanang umejaa dirishani. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

Emanuel alikuwa amekaa benchi. Alipomwona akasimama kwa kishindo, uso wote ukafunguka.

"Dada Letisia, huyu ndiye mama mdogo niliyekuambia. Mungu amemleta."

Letisia ndiye mratibu wa shirika pale Katesh. Naye alishakwenda kujitolea Nepali miaka miwili, akarudi na mambo mawili: kula wali mara mbili kwa siku, na kutokuwa na subira na mtu anayechezea muda. Lakini kwa mama huyu alinyanyuka.

"Shikamoo, mama. Hujui ulivyotuokoa. Tulikuwa tumeshakata tamaa."

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja kusema..."

"Kaa kwanza, mama, muda unatutupa mkono. Jana wameapa kwa hakimu na kiapo kimegongwa muhuri. Kilichokuwa kimekosekana ni ndugu mmoja tu wa marehemu, wa tumbo moja, wa kuthibitisha. Na huyo ni wewe."

Genoveva alibaki amesimama. "Kiapo gani?"

"Cha kifo cha Genoveva. Emanuel ameapa, na bibi huyu ameapa."

Ni hapo tu alipoiona ile pembe ya nyuma ya mlango. Mwanamke mzee wa Kibarbaig alikuwa amekaa chini, bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, fimbo mapajani. Alikuwa anamtazama. Hakuwa ameondoa macho tangu Genoveva alipokanyaga kizingiti.

Miaka ishirini na tano si kitu kwa mtu aliyekuzalisha. Mama Udagwenga alikuwa ameshamjua.

Yule mzee akanyoosha mkono. "Nisindikize nje," alisema kwa Kiiraqw, lugha ambayo Emanuel hakuijua. "Mguu umekufa ganzi."

Emanuel akawahi kusimama. Mzee akamrudisha kwa Kiswahili: "Kaa. Nataka mkono wa mwanamke."

Walikwenda hadi nyuma ya jengo, pale palipokuwa na tangi la maji. Mzee aliegemea tangi.

"Wewe ni Genoveva."

"Ndiyo, mama."

"Jana nimeweka kidole gumba kwamba umekufa. Nilikulilia toka hapa mpaka Basotu. Watu kwenye gari walinipa pole."

Genoveva hakuweza kuinua uso. "Nilimwogopa mume wangu."

"Mwanaume mmoja tu?"

"Mmoja."

Mzee akaguna. Halikuwa guno la hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nimekuja kusema ukweli," Genoveva alisema. "Nimekuja kuweka sahihi kwa jina langu. Yeye asikose safari."

"Ukweli ungeuleta juzi, alipokuja kuuomba mlangoni kwako. Leo umechelewa. Huyu binti alituambia jana kabla hatujaapa: kiapo cha uongo ni jela. Na hata bila jela, hawa watu wa kujitolea hawana mchezo. Kijana mmoja alidanganya miaka yake tu, wakamfuta siku hiyo hiyo. Hawakumsikiliza. Sasa ingia mle useme uko hai. Mtoto haendi, na mimi na yeye tunarudi kwa hakimu kueleza."

"Lakini hamkujua. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Nani ataamini? Mimi niliyekuzalisha nisikujue kama uko hai? Kutoka Basotu mpaka kwenu ni mbali kiasi gani?"

Genoveva alisikia mashine ya fotokopi ikifanya kazi upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amesafiri asubuhi nzima na maneno machache tu, na maneno hayo sasa yalikuwa sumu.

"Nifanye nini, mama?"

"Ulisema umekufa. Baki hivyo." Kisha yule mzee, kwa kiganja kigumu cha kukamua, akamfuta Genoveva machozi, shavu hili na shavu lile, kama anavyofutwa mtoto. "Ulikuwa mdogo. Nakumbuka ulivyokuwa unamwimbia. Baada ya wewe kuondoka alikataa maziwa siku tatu. Nilifikiri atanifia. Sasa amekuwa mtu wa kuitwa na mataifa. Usimvunje."

*

Waliporudi ndani ilikuwa saa sita kasoro robo. Genoveva akakaa kitini.

"Jina lako kamili, mama?" Letisia alikuwa ameshaikamata kalamu.

"Lucia."

Lucia alikuwepo kweli. Alikuwa mdogo wake, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Genoveva alimwomba radhi kimoyomoyo kwa kumfufua kwa kazi hii.

"Lucia Agustino," Letisia aliandika. "Nakusomea. Mimi, Lucia Agustino wa Tumati, nathibitisha kwamba Genoveva Agustino, dada yangu wa tumbo moja, mama mzazi wa Emanuel, alifariki dunia mwaka... Mwaka gani, mama?"

"Elfu mbili."

"Kwa maradhi gani?"

"Homa."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa, na wewe unajua.

Emanuel alivuta benchi karibu. Alikuwa na swali, na kwa jinsi alivyolizungukia ilionekana amelibeba siku nyingi.

"Mama mdogo, samahani. Alikuwa ananitaja?"

"Nani?"

"Mama."

Genoveva alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza anamtazama vizuri, bila wizi. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho ambalo yeye hakulijua lilitoka wapi.

"Kila siku," alisema. "Hakuna siku ilipita hajakutaja."

"Kwa jina gani? Maana hili la Emanuel nimebatizwa nalo mkubwa."

Ala. Hapo alibanwa. Jina alilomwita kwa miezi saba alikuwa hajalitamka mbele ya mtu tangu wakati ule.

"Tlehhema," alisema kwa sauti ndogo.

Kwenye ile pembe, Mama Udagwenga alifunika uso kwa shuka.

Emanuel alilirudia lile jina mara mbili, akilipima. Akatoa simu. "Naomba nikupige picha. Nikifika kule wenzangu wakiniuliza mama yako yuko vipi, nitasema sina picha yake, ila nina ya mdogo wake. Watu wa tumbo moja hufanana, si ndiyo?"

"Hufanana."

"Basi cheka kidogo."

Akacheka. Jamani, akacheka, mimi mwenyewe sijui aliutoa wapi ule mcheko. Simu ikatoa mlio wa kupiga picha. Letisia akasogeza karatasi na kumwonyesha mstari kwa kidole.

"Hapa, mama. Sahihi tu, halafu naituma saa hii hii."

Genoveva akachukua kalamu. Aliinama. Alikuwa ameandika herufi tatu za jina la mdogo wake marehemu, kwa mwandiko wa polepole wa mtu aliyeishia darasa la saba, mtu alipobisha hodi.

"Hodi hapa."

"Karibu," Letisia alijibu bila kuinua kichwa.

Sauti ile Genoveva aliijua kabla hajaiangalia. Kalamu ikasimama.

Alikuwa Pascal. Koti la Jumapili lilikuwa na mikunjo ya siku mbili, viatu vyeupe kwa vumbi, na mkononi ameshika bahasha ya kaki kwa vidole viwili ili asiichafue.

"Shikamoo, baba," Emanuel alisimama.

"Marahaba." Pascal alimtazama kijana toka juu hadi chini, na uso wake ukang'aa kwa namna ambayo Genoveva alikuwa hajaiona tangu siku Doris alipozaliwa. "Marahaba, mwanangu. Nilidhani nimechelewa. Paroko alikuwa safarini, nimelala Mbulu kumsubiri."

"Pascal," Genoveva alisema.

Hakumsikia, au alisikia na furaha ikampita mbio. Alikwenda moja kwa moja mezani akaiweka ile bahasha mbele ya Letisia.

"Binti, mimi ni katekista, mambo ya vyeti nayajua. Kijana alisema kinatakiwa cheti cha mama yake. Nimemletea cha ubatizo, kimegongwa muhuri wa parokia, hakina shida." Kisha akageuka, mbele ya watu wote, akaweka mkono begani kwa mkewe. Miaka ishirini na mbili, na hakuwa amewahi kumshika mbele za watu. "Nilikasirika. Nisamehe. Nimefikiri njia nzima. Mungu alinijibu zamani, ni mimi sikupewa habari. Mtoto wako ni wangu, Genoveva."

Ilisikika tu mashine ya duka la jirani.

Ule msamaha aliouomba miaka yote bila kuthubutu kuutaja, ule aliokuwa tayari kufa bila kuupata, ulikuwa umekaa begani mwake, wa moto, mkono mzima. Genoveva alitamani aukatae, maana ulikuja na jina lake, na aliona moyo wake unapasuka kwa kuutamani na kuukataa kwa wakati mmoja.

Letisia alikuwa ameshaifungua bahasha. Alisoma polepole, mdomo ukitembea. Akaigeuza karatasi nyuma, pale ambapo parokia huandika sakramenti nyingine.

"Genoveva Agustino," alisema. "Ndoa, elfu mbili na tatu, Tumati." Akaisogeza karibu na ile nyingine, yenye herufi tatu ambazo wino wake ulikuwa bado mbichi. "Mama, wewe umeniambia sasa hivi dada yako alifariki elfu mbili. Aliolewaje miaka mitatu baadaye? Na huyu mzee, amekuita nani?"

Pascal aliondoa mkono. Aliangalia karatasi, akaangalia uso wa mkewe, akaangalia mwanamke mzee aliyefunikwa shuka kwenye pembe, na furaha ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo. "Nimefanya nini?" aliuliza.

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nne.

Emanuel hakuiangalia karatasi hata moja. Alikuwa na simu mkononi, picha ya mama mdogo anayecheka bado iko wazi, na alikuwa anaitazama hiyo, kisha anamtazama aliyekaa mbele yake, kisha anaitazama tena. Aliizima. Akapiga goti moja sakafuni, mbele ya kiti cha Genoveva, ili macho yao yawe sawa.

"Dada Letisia atauliza mara moja tu, na atakachojibiwa ndicho atakachoandika," alisema. Sauti ilikuwa ile ile aliyotumia Mogitu kati ya mapanga, ya chini na ya taratibu. "Nikienda Ghana nitakwenda bila mama. Nikibaki, nitabaki naye, na kesi ya kiapo kwa hakimu juu yake. Mimi siwezi kuchagua. Nilishakuuliza juzi. Safari hii nijibu wewe."

Genoveva akafungua mdomo.